Memori ya Bwana Pua

Laptopu ya Shangazi ilikuwa na sauti ya mwanamume mwenye mafua yasiyopona, na ndiyo maana nyumba nzima iliiita Bwana Pua. Bwana Pua ndiye aliyemsomea kila kilichotokea kwenye kioo, kwa sababu macho ya Shangazi yalizimika tangu angali msichana, na kioo kwake kilikuwa kipande cha plastiki tu. Akibonyeza herufi, Bwana Pua huitaja. Akimaliza neno, Bwana Pua hulirudia. Walikuwa wamezoeana miaka mingi, hata kaka yake, mwenye nyumba, akapenda kutania kwamba dada yake hana haja ya mume, keshapata wa kumnong'oneza kutwa kucha.

Lakini siku hizi Bwana Pua alikuwa amechoka. Sauti ilikuwa ileile, kilichopungua ni mwendo. Shangazi aliandika sentensi nzima, akaweka nukta, akakuna kichwa, ndipo Bwana Pua akaanza kutaja herufi ya kwanza. Kosa la mwanzo wa mstari lilimfikia akiwa ameshavuka mistari mingine, na akirudi kulitafuta hakuwa na hakika tena amesimama wapi.

Na kazi yake haikuvumilia mambo hayo. Shangazi alikuwa mnukuzi. Chama cha wakulima kilimtumia sauti za vikao vyake, naye alivaa spika za masikioni, akasikiliza na kuandika nani kasema nini na kipi kimeamuliwa. Kazi hiyo ndiyo iliyompa heshima ya kuwa na mlango wake mwenyewe ndani ya nyumba ya kaka yake. Hakuwa mgeni pale, wala hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alichangia, akakosoa, akakosolewa, kama mtu mzima yeyote mwenye jasho lake ndani ya nyumba.

Sasa kikao cha mwisho kilikuwa kimetoka kichekesho. Katika muhtasari aliouandika, mhazini alifunga mkutano kabla mwenyekiti hajaufungua, na mjumbe mmoja alipinga hoja ambayo ilikuja kutolewa ukurasa uliofuata. Katibu wa chama, mtu mwenye adabu zake, alimpigia simu na kuzunguka sana kabla ya kufika penyewe. Kikao kingine kingefanyika Alhamisi, alisema. Wangemtumia kama kawaida. Ila kikitoka vile tena, wanachama walikuwa wamependekeza kijana fulani, na yeye katibu asingekuwa na la kusema.

Shangazi alikata simu. Alijua kabisa kilichokuwa kikimngoja. Akiikosa kazi ile angeshinda sebuleni akichambua mboga na kuambiwa "pumzika tu, dada", na neno hilo alilichukia kuliko tusi.

Alimpigia fundi wa kompyuta, aliyejulikana mtaani kwa jina la Bisibisi. Bisibisi alimsikiliza, akamuuliza maswali mawili matatu, akasema laptopu haiumwi, imebanwa. Memori yake, ile ambayo mafundi wanaiita RAM, ilikuwa ndogo. Alimfafanulia kwa mfano wa meza ya jikoni: meza ikiwa ndogo, kila unapotaka kukata kitunguu lazima kwanza ushushe sufuria chini, na ukitaka sufuria ushushe ubao wa vitunguu. Chakula kitaiva, ila utakufa njaa ukingoja. Dawa yake ni kubadilisha kibamba cha memori na kuweka kikubwa zaidi.

Kununua laptopu mpya lilikuwa jambo lisilozungumzika. Programu ya Bwana Pua ilikuwa ya zamani na mashine mpya ziliikataa. Kaka yake aliwahi kumpa ya kwake ajaribu, yenye sauti tamu ya kike, lakini dada huyo wa ndani alisoma Kiswahili kama mtu anayetafuna changarawe. Shangazi aliirudisha kabla ya chakula cha mchana. Ilikuwa Bwana Pua au hakuna.

Kabla hatujafika dukani, inafaa ijulikane sheria moja ya nyumba ile. Chochote kilichonunuliwa sharti kipite kwanza mikononi mwa Shangazi. Kitambaa, betri, mayai, bawaba ya mlango, vyote. Vidole vyake vilijua uzi wa bandia na yai la juzi, na havikuwahi kumwaibisha. Kwa hiyo watu wa nyumba ile walikuwa wameacha kusoma maandishi ya kwenye bidhaa, kwa nini wajisumbue? Shangazi mwenyewe alikuwa na uadui na karatasi za kubandikwa. Zilimkwaza vidole, naye alizibandua zote, kwenye vikombe, kwenye pasi, kwenye redio. Chini ya laptopu palikuwa na karatasi yenye jina na namba ya modeli, hiyo aliing'oa wiki ya kwanza. Juu ya memori palikuwa na nyingine, nayo aliing'oa siku aliyofungua mashine kusafisha feni, kwa kuwa ilikuwa imeinuka pembeni, na yeye hana uwezo wa kuacha kitu kilichoinuka pembeni.

Dukani alikwenda na wifi yake. Nasema wifi mke wa kaka, si ile ya hewani inayokatika mvua ikinyesha. Huyu hakukatika. Alizungumza kutoka mlangoni kwao mpaka mlangoni kwa fundi, akimsimulia Shangazi nani kapaka rangi gani ukuta na nani kaanika nini.

Laptopu yenyewe waliiacha nyumbani. Shangazi alikuwa ameapa haitakanyaga karakana tena, maana fundi mwingine, si huyu, aliwahi kumrudishia ikiwa bubu. Alidhani Bwana Pua ni kirusi, akamfuta. Kumrudisha ilikuwa kazi ya machozi. Kwa hiyo safari hii alifungua mwenyewe kifuniko cha chini, akachomoa kibamba cha memori, akakifunga kwenye leso na kukitia kwenye pochi.

Bisibisi alikipokea, akakigeuza, akauliza karatasi yake iko wapi. Akaambiwa imebanduliwa. Akauliza modeli ya laptopu. Hapo wifi akaona aokoe jahazi.

"Ni nyeusi," alisema.

"Zote nyeusi, mama," Bisibisi akajibu kwa upole.

Akamwomba Shangazi angoje kidogo. Alitoa boksi la memori, akasema zipo za vizazi tofauti na haziingiliani. Shangazi akanyoosha mkono. Aliweka kibamba chake juu ya kingine, akapitisha ukucha kwenye ule mwanya mdogo uliokatwa kati ya meno ya shaba, akatikisa kichwa. Hiki hapana, mwanya umesogea. Kingine nacho hapana, ni kirefu. Cha tatu kililala juu ya chake kikatulia, mwanya juu ya mwanya, pembe juu ya pembe. Wifi alipiga kofi moja la furaha.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema, na wote wawili wakacheka, kwa kuwa utani huo ulikuwa wa kwao na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuutumia.

Bisibisi hakucheka. Alikuwa ameinamia kibamba cha zamani akijaribu kusoma vimaandishi vilivyochapwa kwenye chipu zenyewe, akasema vimefifia, atafute lenzi.

"Lenzi ya nini?" Shangazi akasema. "Ukucha wangu umeshaona."

"Umbo si kila kitu, mama. Hizi zipo za umeme wa kawaida na zipo za umeme mdogo, na kwa nje zinafanana kama pacha. Ningeiona laptopu yenyewe ningekuwa na uhakika."

"Hii uliyonipa itaingia au haitaingia?"

"Kuingia itaingia."

"Basi tufungie."

Sikio lililoshiba sifa halisikii, na la Shangazi lilikuwa limeshiba miaka mingi. Bisibisi alifunga, ila alisisitiza kwamba ikileta shida wairudishe, wala wasiilazimishe.

Nyumbani alikaa kwenye meza ya chumbani kwake, wifi kando yake. Alichomoa chaja, akatoa betri, akafungua kifuniko. Kibamba kipya kiliingia kwa kulala upande, akakisukuma, akakikandamiza chini mpaka vile vishikizo viwili vya pembeni vikalia. Mlio huo ulimpendeza. Akarudisha betri, akabonyeza kitufe cha kuwasha, akaweka mikono mapajani akingoja Bwana Pua amkaribishe.

Feni iliunguruma. Ikanyamaza. Ikaunguruma tena, ikanyamaza tena. Bwana Pua hakusema kitu.

"Kioo kinaonyesha nini?" akauliza.

"Cheusi," wifi akasema.

Alizima, akachomoa, akapuliza, akachomeka upya. Feni ikaunguruma na kunyamaza. Ndipo maneno ya Bisibisi yakamrudia, ya umeme mdogo na umeme wa kawaida. Alikitoa kibamba kipya haraka, akakirudisha cha zamani, akawasha. Angalau arudi alipokuwa. Bora Bwana Pua mzembe kuliko kukosa Bwana Pua.

Feni ikaunguruma, ikanyamaza, na kukawa kimya.

Hapo Shangazi alielewa, au alidhani ameelewa, kwamba amemuua. Amempa umeme usio wake, akamuunguza kwa mkono wake mwenyewe, na kikao ni keshokutwa. Alijiona sebuleni na beseni la mboga. Alijisikia mjinga, na mjinga mwenye kiburi ana uchungu kuliko mjinga wa kawaida, kwa kuwa alionywa. Machozi yalimtoka bila sauti, na alishukuru hata kwa hilo, mpaka alipokumbuka kwamba wifi yake anaona.

Wifi aliona. Alikuwa na mdomo wa maneno elfu, lakini safari hii alikaa kwanza, akamshika kiwiko. Kisha akasema kwamba kama ni kusoma, yeye anaweza kumsomea. Wangekaa pamoja, yeye asome kwenye kioo cha kompyuta ya kaka, Shangazi aandike. Alisema kwa moyo mweupe, na ndiyo maana ilimkata Shangazi maini.

"Sitaki kusomewa, wifi. Nataka kusoma."

"Najua," wifi akasema. "Ndiyo nasema kama."

Kisha wifi, ambaye hawezi kukaa bila kuangalia kitu, akainama juu ya tumbo la laptopu lililokuwa wazi. Akauliza zile shaba za meno zinatakiwa zionekane au zisionekane. Shangazi akauliza shaba gani. Wifi akasema kwenye kile kibamba, upande mmoja zimezama zote, upande wa pili zimechungulia, unaona kabisa mstari unang'aa.

Shangazi akapangusa uso kwa kiganja. Akapeleka kidole. Kidole chake kilichosifiwa mtaa mzima kiligusa kibamba kikasema kiko sawa, na ukweli ni kwamba kilikuwa kinatetemeka kiasi cha kutojua kinagusa nini.

"Niongoze," alisema, neno ambalo wifi hakuwahi kulisikia kutoka kwake.

Wifi alimshika mkono. Walitoa betri, wakakilegeza kibamba, Shangazi akakisukuma tena kwa ulalo, na wifi akisema bado, bado, kushoto kidogo, bado, sasa zimezama. Akakandamiza. Vishikizo vikalia, vyote viwili kwa pamoja, na Shangazi akagundua kwamba alipokirudisha kibamba hiki mara ya kwanza alisikia kimoja tu, kwa haraka hakujali. Betri ikarudi, kitufe kikabonyezwa.

Feni iliunguruma. Ikaendelea kuunguruma. Wifi akavuta pumzi na kusema kioo kimepata mwanga, lakini Shangazi alimzuia kwa mkono, alitaka kusikia mwenyewe. Walingoja muda mrefu, maana Bwana Pua alikuwa bado na uzee wake.

"Karibu," akasema Bwana Pua, kwa mafua yake yote.

Shangazi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Alicheka huku akilia, na wifi akalia huku akicheka, na Bwana Pua akaendelea kutangaza saa na kiasi cha chaji kama vile hakuna kilichotokea. Roho ya Shangazi ilirudi mahali pake taratibu, na aliisikia ikirudi.

Alipotulia akampigia Bisibisi. Alimweleza yote, hata sehemu ya ukucha, wala hakujitetea. Bisibisi akauliza kwanza kama ile ya zamani imerudi ikawaka. Alipoambiwa ndiyo, naye alishusha pumzi, ilisikika kwenye simu.

"Basi hakijaungua kitu, mama. Laptopu yako inakubali umeme mdogo tu. Imeona mgeni asiye wake, ikakataa kufungua mlango. Na mimi nina kosa, sikupaswa kukufungia kabla sijajua modeli."

"Modeli nimeibandua."

"Iulize yenyewe. Inajijua."

Kweli ilikuwa inajijua. Bisibisi alimwelekeza kwenye ukurasa wa taarifa za mashine, na Bwana Pua, polepole, huku Shangazi akimngoja kwa subira ambayo hakuwahi kumpa, akataja jina la modeli, herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu. Miaka yote ile Shangazi hakuwahi kumuuliza. Bisibisi aliandika upande wake, akatafuta mwongozo wa watengenezaji, akarudi na jibu: kizazi kilekile, umbo lilelile, ila cha umeme mdogo, na ukubwa usizidi kiwango fulani ambacho mashine ile inaweza kubeba. Alikuwa nacho dukani.

Kesho yake walikwenda tena, safari hii na laptopu yenyewe mgongoni mwa Shangazi, imefungwa kwa taulo. Alimsimamia Bisibisi wakati wote, akimkumbusha kwamba sauti isiguswe, sauti si kirusi. Bisibisi alimpa kibamba akipime kwanza, kwa heshima. Shangazi alipitisha ukucha kwenye mwanya, akaridhika, kisha akampa wifi.

"Soma," alisema. "Yote. Hata yasiyo na maana."

Wifi alisoma karatasi nzima ya kibamba kile kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani, na alipofika kwenye volti akasoma tarakimu mara mbili, na Bisibisi akasema ndiyo yenyewe. Kikachomekwa. Shaba zikakaguliwa. Vishikizo vikalia.

Bwana Pua alisema karibu kabla Shangazi hajaondoa kidole kwenye kitufe, au hivyo ndivyo alivyosimulia baadaye, na mwenye furaha anaruhusiwa kutia chumvi kidogo. Alifungua ukurasa mtupu, akabonyeza herufi moja. Bwana Pua akaitaja papo hapo. Akabonyeza nyingine. Akaandika neno, akaandika mstari, akaandika kwa kasi yake yote ya zamani, na sauti ile ya mafua ikamfuata bega kwa bega bila kuachwa hata silabi. Njia nzima ya kurudi wifi alizungumza kuhusu kuta na nguo, na Shangazi aliitikia kila kitu, hata yale asiyokuwa ameyasikia.

Sauti ya kikao cha Alhamisi ilimfikia Alhamisi hiyohiyo jioni. Kilikuwa kikao cha fujo, watu wakikatizana kuhusu mbegu na ghala, na Shangazi alikinukuu chote Ijumaa, mhazini akifunga mkutano mwishoni kama ilivyo desturi ya chama kile. Akakipitia mara mbili na Bwana Pua. Akakituma. Halafu akaanza kungoja, na kungoja huko kulikuwa kubaya. Kaka yake alimuuliza kama chama kimejibu, akajibiwa kwa ukali, naye akarudi kwenye kiti chake.

Jibu lilikuja Jumamosi asubuhi. Shangazi alikuwa peke yake chumbani, mlango wazi. Alisikia mlio wa ujumbe, akakaa wima, akabonyeza.

"Dada, muhtasari umefika," Bwana Pua akasoma. "Kikao cha kamati ya ghala ninakiambatanisha hapa. Naomba kiwe tayari kabla ya Jumatano. Katibu."

Basi. Hakukuwa na sifa wala pole, wala neno lolote la yule kijana aliyependekezwa. Katibu alimwandikia kama anavyomwandikia mtu wa kazi ambaye kesho atakuwepo na keshokutwa atakuwepo. Shangazi hakuwahi kupata barua iliyompendeza kama ile. Akabonyeza tena, Bwana Pua akaisoma tena. Akabonyeza tena.

"Wifi, tumeshasikia," ikaja sauti kutoka jikoni. "Jumatano."

"Napima mwendo wake tu," Shangazi akajibu.

Akaisikiliza mara nyingine moja, kwa sauti ndogo. Kisha akavaa spika zake za masikioni, akafungua kikao cha ghala, na mwenyekiti akaanza kukohoa kabla ya kusema neno, kama kawaida yake.